Nyaya za Kumsikilizisha Wifi

Majina sitayataja, wenyewe wanajijua. Vyeo vyao nitavitaja. Aliyenichafua ni wifi yangu, dada wa mume. Aliyeniacha ni mume mwenyewe. Na walioula uongo ule wakalamba na vidole ni kina mama wa kundi letu hapa Birmingham, wanawake wa Unguja, wa Tanga na wa Dar, ambao harusi zao na hitima zao nilizipikia mie kwa mikono hii. Shule sikwenda sana, darasa la saba sikulimaliza. Anayetaka maneno ya kupambwa akatafute kwingine.

Niliugua kifua kikuu. Basi, ni hicho tu. Ugonjwa wa watu, una dawa, unapona. Nilikuwa nafanya usafi maofisini mjini, natoka alfajiri, narudi kwangu mtaa wa Lozells nakohoa, nikadhani ni baridi ya nchi hii imeniingia. Mpaka nikatema damu kwenye sinki. Hospitali wakanilaza, wakanipa vidonge vinavyogeuza mkojo ukawa rangi ya juisi ya karoti, wakaniambia nisikose hata kimoja. Sikukosa. Daktari akaniambia kwa kinywa chake: umepona mama, humwambukizi mtu.

Siku nilizolazwa, wifi alihamia kwangu kutoka kwake Hodge Hill, ati kumwangalia kaka yake na binti yangu. Nilivyorudi nikakuta sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu vimetiwa kwenye ndoo chini ya sinki, ndoo imefunikwa. Hilo ningelimeza. Mtu anaogopa kukoholewa, mie mwenyewe ningeogopa. Lakini hakuishia jikoni. Alikwenda kwa kina mama akawaambia kifua ni cha kusingizia, yule ana UKIMWI, na kaupata hukohuko anakokwenda alfajiri, maana mwanamke gani wa heshima anatoka kitandani kwa mumewe saa kumi akapanda basi? Mume wangu akayasikia kwa dada yake. Hakuniuliza mie, hakumwuliza daktari. Akafungasha nguo. Baadaye akaozwa mke mwingine, na aliyemtafutia mchumba ni dada yake huyohuyo.

Ukitaka kujua mwanamke wa pwani anauawaje naye yungali hai, tazama sinia lake kwenye shughuli. Nikipeleka biriani wanalipokea kwa mikono miwili, ahsante bibi, Mungu akuzidishie, kisha linawekwa dirishani. Jioni narudishiwa lilivyo, hata kitunguu cha juu hakijaguswa. Wanafurahi na mie, wanacheka na mie, hawali changu. Na kwa kuwa hakuna aliyenitamkia neno, mie ningemjibu nani? Ningesimama katikati ya watu niseme jamani sina lile mnalodhani? Ukijitetea kwa jambo ambalo hujashitakiwa, umeshakiri.

Aliyekuwa akila kwangu alikuwa mmoja, jirani yangu Mkenya, nesi, Mkristo. Alikuwa anakuja na sare yake ya kazi, anajipakulia mwenyewe kutoka sufuriani. Nilimweleza yote. Akaniambia, "Na hata ungekuwa nayo, dada, sahani imekosa nini? Hao watu wako wananichosha."

Basi kwa miaka yote hiyo nilitaka kitu kimoja. Wifi afungue mdomo wake, mbele ya walewale aliowaambia, aseme kwamba alisema uongo. Sikutaka zawadi, sikutaka mume arudi. Mume nilimwachia, ale naye.

Kwetu kuna siku ya kuvunja jungu. Ramadhani ikikaribia, wanawake tunakusanyika, tunapika, tunakula, tunapiga taarabu na kucheza mpaka jasho, kwa kuwa mwezi ukiandama muziki unazimwa. Mwishoni tunaombana radhi tuingie kwenye funga na mioyo myeupe. Kila mwaka tulifanyia kwa wifi, ana sebule kubwa, na yeye ndiye aliyejifanya mkubwa wetu. Na kila mwaka, akishaniwekea sinia langu dirishani, alikuwa ananishika bega: "Nisamehe wifi yangu kama nimekukosea." Hivyo hivyo mtu anavyomwambia dereva ahsante anaposhuka kwenye basi, huku macho yake yako njiani. Nami kwa adabu nilizofundwa najibu, nimekusamehe, nawe nisamehe. Nikirudi nyumbani natamani kuutema huo ulimi.

Mwaka ule bafu lake la juu lilivuja, dari ya sebule ikamdondokea. Kina mama wakawa wanaulizana tutavunjia wapi. Nikasema, "Kwangu."

Nikawatazama mmoja mmoja. Kukataa wangekataaje? Ingebidi waseme sababu, na sababu hawana ujasiri wa kuitamka. Wifi akasema, "Kwako padogo, wifi." Nikamwambia, "Tutabanana. Tunapendana."

Sasa mie nina muziki. Mume wangu alipoondoka aliacha amplifaya na spika mbili za mbao, zinanifika kiunoni. Alivinunua kwenye mnada wa Jumapili, ule watu wanafungua buti za magari uwanjani wanauza vyao. Alikuwa anainama mbele yake kama yuko kwenye rakaa, anazungusha vifundo. Baadaye alipiga simu anavitaka. Nikamwambia njoo na dada yako mbebe. Hawakuja, walikuwa wanaogopa hata kushika mlango wangu.

Ila sauti ya muziki huo ilikuwa imekonda. Sijui nieleze vipi. Fidla inakwaruza kama kisu kwenye bati. Kodiani inalilia puani. Dumbaki unalisikia likigusa, halipigi. Na mwimbaji, mwanamke mwenye koo la asali, humo ndani anakuwa kama anaimba na mafua. Zamani sikujali. Lakini siku hiyo nilikuwa na kazi na ile sauti.

Wenye taarabu wanaelewa. Una lako moyoni na mtu, hulisemi. Unangoja wimbo unaolisema, ukipigwa unainuka na noti ya kutunza mkononi, unakwenda unacheza mbele ya mbaya wako, unamtazama, unarudi. Hukumtukana. Hukumtaja. Na yeye na ukumbi mzima wanajua. Nilikuwa na sidii moja kutoka nyumbani, ina wimbo wa kumsema mzushi, mtu anayemwombea mwenzie doa. Nilipanga wimbo ule umkalie wifi mpaka achemke, achemke mpaka atoe neno. Lakini mpasho katika sauti nyembamba ni malalamiko. Ukitaka uwe hukumu unataka sauti nene.

Nikaanza na kiti. Nikachagua atakapokaa wifi, kiti chenye mikono, katikati, hapo kila mgeni angempisha kwa heshima. Nikageuza spika zote mbili zikitazame. Halafu nikawa napiga wimbo nakwenda kukaa mie mwenyewe kwenye kile kiti, najifanya ni yeye. Nanyanyua mdomo kama yeye, naweka mkoba magotini kama yeye, nasikiliza. Najiuliza, imeniuma? Haijauma.

Binti yangu akanikuta hapo. Kazaliwa huku, Kiswahili anakisikia chote, kujibu ni Kiingereza. Akaniuliza nafanya nini nimekaa na mkoba kama shangazi yake. Nikamweleza.

Akashika kiuno. "Mama, hiyo roho mbaya kabisa."

"Ndiyo. Sasa niambie, fidla unaisikiaje kutokea hapo mlangoni?"

Akacheka, akakaza uso, akasikiliza. "Kali. Inachoma masikio." Huyu ndiye aliyeniambia tatizo huenda ni nyaya. Alizishika zile za baba yake, vijiwaya vyembamba kama vya kengele ya mlango, akasema sauti nene itapitaje humu?

Nikaenda mjini kwenye duka la vitu hivyo. Kijana wa dukani, shati limenyooka, alinionyesha nyaya ukutani zimetundikwa kama mikufu ya sonara. Aliponiambia hizi ni shaba zimevikwa fedha, mie sikusikiliza lingine. Fedha! Mtu wa Unguja umwambie fedha na shaba achague shaba? Shaba ni ya sinia na birika, fedha ni ya kumvalisha bibi harusi. Alijaribu kunizuia, nimpe haki yake, alisema kama sauti ni kali hizi huenda zikaizidishia ukali. Nikaona ananidharau, ananiona sina hadhi ya fedha. Nikazichukua.

Nikaziunga vilevile alivyounga mume wangu, shimo kwa shimo, ncha kwa ncha, nikichungulia nyuma ya amplifaya na tochi. Yeye ndiye aliyejidai fundi wa nyumba. Nikapiga wimbo, nikaenda kukaa kwenye kiti cha wifi.

Ya Rabi. Kila herufi ya s ilikaangika kama samaki kwenye mafuta ya moto. Jirani yangu nesi alikuwapo, anakula pilau yangu amesimama.

"Unasikia?" nikamwuliza.

"Nasikia ileile tu, dada. Ni waya, si dawa."

"Hii imezidi ukali!"

"Imezidi kung'aa ukiitazama. Kusikia, aki, mimi sisikii tofauti. Si umpigie huyo mwanamke simu umtukane, umalize maneno?"

Nikamwambia nyinyi wa bara hamjui kutukanana, mnatukanana kwa matusi. Alicheka mpaka wali ukampalia.

Ni yeye lakini aliyeniletea yule mzee. Mzee wa Kijamaika, mtaa wa pili, ujanani alikuwa na mitambo ya kupigia dansi, masanduku ya spika makubwa kama makabati, na mpaka leo ukipita kwake vioo vinatetemeka. Akaja na kofia yake ya kufuma, na begani kipande cha waya mweusi mnene kama kidole changu gumba, shaba tupu ndani. Alipoziona nyaya zangu za fedha akauliza nani kafariki akaniachia. Fedha ni ya meno, akasema. Besi inataka shaba, na inataka nene. Nesi akamwambia ni kitu kimoja, ni umeme tu. Wakabishana pale, yeye na kofia yake na mwenzie na sare yake, mie nimesimama katikati na bisibisi.

Kisha mzee akachungulia nyuma ya spika ya kushoto. Akaguna. Akaniita nione. Kwenye spika moja, uzi mwekundu umeunganishwa palipo pekundu, mweusi palipo peusi. Kwenye nyingine mume wangu alivipishanisha. Moja ikisukuma, nyingine inavuta, akasema mzee, zinaimeza besi yote katikati hapa. Aliuliza ni nani aliyefunga hivi. Nikamwambia.

"Na huyo bwana yuko wapi?"

"Kaolewa na dada yake," nikasema, maana Kiingereza changu kilinitoka hivyo kwa hasira, nesi akaanguka kwenye kochi.

Naye nimtaje hapa mume wangu, iandikwe pia. Miaka yote ile, amenifanya niamini kwamba mie ndiye sijui kusikiliza, nikimwambia muziki umekonda ananiambia masikio yangu ya shamba. Waya mbili tu zilimshinda.

Mzee akafunga zake nene, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, akazipima pande mbili zilingane, akasogeza spika karibu na ukuta. Sijui ni shaba, sijui ni ule ugeuzaji, sijui ni ukuta. Nesi anasema ni ugeuzaji, mzee anasema ni shaba, waachie wenyewe. Nilipokaa kwenye kile kiti, yule mwanamke akaimba kutoka tumboni. Dumbaki likanipiga kifuani, pale palepale palipokuwa na ugonjwa. Kodiani ikavuta pumzi. Sauti ilikuwa na joto kama ya mtu aliyesimama mbele yako ana mwili na damu, na maneno yalikuja taratibu, hayana haraka, yanajua yanapokwenda. Nikasikia aibu usoni mie niliyetendwa. Nikasema hewala. Hii itamwuma.

Siku ikafika, Jumamosi, baada ya adhuhuri. Walikuja wote, sebule ikajaa buibui na manukato, madirisha yakatoa jasho. Kila mmoja kaja na chakula chake kutoka kwake. Changu nikakitandaza katikati, wakakizunguka kama kisima. Wifi alifika wa mwisho. Akapishwa. Akakaa kwenye kiti chenye mikono, mkoba magotini.

"Mashallah wifi, umepanga vizuri. Na muziki mzuri!"

"Nimekuandalia wewe, wifi yangu."

Nikaziacha nyimbo mbili tatu za furaha zipite. Wanawake walikuwa wameshainuka, khanga viunoni, mmoja ananiambia shoga mbona leo besi inanichezesha yenyewe. Kisha nikaupiga wimbo wangu. Ulipofika kwenye kiitikio nikainuka na noti mkononi, nikamwendea polepole na miondoko yote niliyofundwa, nikasimama mbele yake, nikamtazama machoni. Watu wakapiga vigelegele, nusu yao vigelegele vya woga.

Wifi akatabasamu. Akaweka mkoba chini. Akainuka, akatoa noti yake, kubwa kuliko yangu, akanyanyua mkono juu, akacheza. Alinizunguka. Mzushi we, mzushi we, anaitikia na mwimbaji, na kidole chake kinanielekea mie! Aliuchukua wimbo wangu. Na ule muziki, ule nilioupikia kwa siku zote zile, ulikuwa unampamba yeye, unambeba kiuno, na kina mama sasa wanamtunza, wanambandika noti, kwa sababu anacheza kuliko mie na amenenepa vizuri na hajapata kuugua.

Nikaenda ukutani nikazima swichi.

Mtu mmoja alikuwa bado na mkono juu. Binti yangu kule mlangoni akaziba mdomo.

Wifi hakutetereka. Akafuta jasho, akaja kunishika bega. "Umechoka, wifi. Basi tumalize vizuri. Ramadhani imefika, nisamehe kama nimekukosea."

"Kama?" nikasema. "Umenikosea nini?"

"Lolote lile."

"Lolote silijui. Mie nalijua moja. Litaje nikusamehe."

Wakaanza, jamani, jamani, si mambo ya leo, mwachie Mungu. Bibi mmoja mkubwa akaniambia mwanangu hayo ya kuzungumza faraghani. Nikamwambia, "Bibi, shikamoo yako iko palepale, lakini yeye hakuyasema faraghani. Alikuambia wewe ukiwa jikoni kwake. Ukawaambia hawa."

Bibi akatazama zulia.

"Nilikuwa na kifua kikuu," nikasema. Sauti yangu bila spika ni ndogo, kifua hakikurudi chote, ikabidi nipumzike kati ya maneno. "Kifua kikuu. Nimepona. Wewe ulikuwa hospitali na mie daktari alipotuambia ni kifua, ulikuwa umekaa kwenye kiti cha bluu unakula zabibu zangu. Ulisikia. Kisha ukaenda kusema nini?"

"Watu walikuwa wanauliza…"

"Ukasema nini?"

"Mimi nilisikia na wengine."

"Wataje. Wako wote hapa."

Akawazungushia macho. Hakuna aliyemtazama. Hapo nilijua hawa wanawake hawakuwa wakinipenda mie, walikuwa wakiogopa kutajwa wao, lakini sikujali, woga wao ulinifaa. Wifi akakaa. Alikaa kama mtu aliyesukumwa, na noti mbili zikamdondoka kutoka kichwani.

"Nilisema una UKIMWI," akasema.

"Nilikuwa nao?"

"Hukuwa nao."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka kaka yangu atoke hapa. Sikukupenda tangu siku ya kwanza, na wewe unajua." Na machozi yakaanza kumtoka, mazuri, ya kuonyesha. "Nisamehe, wifi."

Na sasa wote wakanigeukia mie. Jawabu linajulikana, hata mtoto analijua: nimekusamehe, nawe nisamehe. Wengine walishaanza kulitamka kwa midomo, kunisaidia. Binti yangu akaniita, "Mama."

Nikasema, "Nimesikia."

Wakangoja liendelee. Halikuendelea. Wifi akafunga buibui lake akatoka, na wawili wakamfuata kumsindikiza kituo cha basi. Waliobaki walikaa kidogo, kisha mmoja akavuta sinia langu akaanza kula, akala haraka haraka bila kuniangalia, na wengine wakamfuata. Walikula mpaka wakakwangua. Sikuwaambia karibuni.

Jioni mume wangu akapiga simu. Ati nimemdhalilisha dada yake mbele za watu, na mwezi mtukufu uko mlangoni, na ukifunga na kinyongo funga yako ni njaa tu.

Nikamwambia, "Basi mwaka huu nitaona njaa. Wewe jitayarishe, bado hujaulizwa."